Nguchiro na Daftari Lisilokuwa na Wezi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo? Mmekula, au mmelamba sahani? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Rudisheni miguu nyuma isije ikaungua, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sisimami.

Hapo zamani za kale, kale yenyewe ya nyuma kabisa, wanyama na watu walipokuwa wakisalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi iitwayo Mabondeni. Mfalme wake alikuwa Kiboko. Alitawala akiwa ndani ya maji, masikio nje, pua nje, mengine yote chini. Akitaka kutoa amri alipiga kwanza mapovu, na watu wa ukingoni wakaanza kutetemeka kabla hawajaijua amri yenyewe.

Mabondeni ilikuwa na askari kumi na mmoja. Wengi? Subirini. Tisa walikuwa wa Mfalme. Mmoja alishika mwavuli wake. Mmoja alifukuza nzi wa sikio la kulia, mmoja nzi wa sikio la kushoto. Mmoja alilinda kivuli cha Mfalme kisikanyagwe. Mmoja alilinda maji ya kuogea yasitoroke. Wanne waliobaki walikuwa wakiwalinda hao watano.

Basi nchi nzima, mito yake, mashamba yake na vichochoro vyake, ilibaki na askari wawili. Wa kwanza alikuwa Sajini Kobe. Ukimwita leo atakuja, ila usimwulize siku gani. Wa pili alikuwa Koplo Ngiri. Huyo alikuwa na mbio kama kapigwa na pilipili, mkia juu, vumbi nyuma, lakini akifika katikati ya safari husahau anamfukuza nani. Husimama akala majani.

Mkuu wao mpya ndiye Nguchiro mwenyewe, mama mdogo wa umbo, mkali wa macho, aliyewahi kumtoa nyoka jikoni kwa mtu huku sufuria ikiendelea kuchemka. Siku ya kwanza kuingia kituoni alifungua daftari la wizi. Karatasi ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu ilikuwa na wizi mmoja, na chini yake mwingine, na chini yake mwingine. Wizi mara tatu mwaka mzima!

“Sajini,” akasema Nguchiro, “nchi hii haina wezi?”

“Daftari linasema hivyo, Afande.”

“Na wewe unasemaje?”

Kobe akafikiri. Kwanza akaingiza kichwa ndani, akafikiri huko, kisha akakitoa. “Mimi nililala na blanketi, nikaamka sina.”

“Uliandika?”

“Nimwandikie nani, Afande? Mwandikaji ni mimi.”

Nguchiro akakuna kichwa, akakuna mkia, akakuna tena kichwa. Kabla hajamaliza kujikuna, tarishi wa Mfalme akaingia na shada la maua. “Mfalme anakupongeza! Wizi mara tatu tu! Hakuna nchi yenye amani kama hii. Endelea hivyo hivyo.”

“Lakini mimi nimeingia leo,” akasema Nguchiro.

“Basi una mkono mzuri,” akasema tarishi, akaenda zake.

Nguchiro akabaki na maua mkononi. Akatoka barabarani. Jirani mmoja alikuwa ameifunga sufuria yake kiunoni kwa kamba. Mwingine alitembea na mlango wa nyumba yake kichwani. Nguchiro akamuuliza, “Mlango huo unaupeleka wapi?”

“Siupeleki popote, Afande. Nikiuacha, siukuti.”

Sasa ninyi niambieni: nchi isiyokuwa na wezi, mtu anatembea na mlango kwa ajili ya nini? Ndivyo alivyojiuliza Nguchiro.

Siku ya tatu akaja mkulima mmoja, Bi Sikuzani, mjane wa bonde la chini, mwenye mdomo usiokaa chini. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Wewe ndiye mkubwa mpya?”

“Ndimi. Karibu, bibi.”

“Sikaribii. Nimekuja kukutazama tu. Jembe langu limeibiwa, na mvua ziko karibu, na bila jembe mtama sipandi, na nisipopanda wanangu watakula nini, hayo maua yako?”

“Kwa nini hukuja kuandikisha?”

Bi Sikuzani akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha hata chembe. “Nije kuandikisha! Mwaka juzi niliibiwa mbuzi, nikaja hapa kwa miguu yangu. Nikaambiwa, lete karatasi. Nikaleta. Nikaambiwa, lete kamba ya kumfungia mwizi. Nikaleta. Nikaambiwa, sasa mlete mwizi.”

“Ukamleta?”

“Mwanangu, kama ningekuwa na uwezo wa kumleta mwizi, ningekuja huku kufuata nini?”

Nguchiro akageuka kumtazama Kobe. Kobe alikuwa ameshaingia ndani, kichwa, miguu na mkia.

“Sajini! Ni kweli?”

Sauti ikatoka gambani: “Karatasi hatuna, Afande. Kamba hatuna. Na mimi mwizi simfikii.”

Hapo Nguchiro akaanza kuona kitu, ingawa kilikuwa cha mbali kama mtu aliye ng’ambo ya mto wenye ukungu. Akatangaza nchi nzima: kuanzia leo mlalamikaji haleti karatasi, haleti kamba, haleti mwizi. Analeta mdomo wake tu. Daftari likijaa tutaandika ukutani, ukuta ukijaa tutaandika kwenye gamba la Sajini.

Loo! Kesho yake watu walipanga mstari kutoka kituoni hadi sokoni. Mmoja jembe. Mwingine jembe. Mwingine kuku, na mwingine tena jembe. Bata mmoja alikuja kulalamika kuhusu mume wake, akaambiwa huo si wizi, akasema, “Basi niandikieni hivyo hivyo, nimeshapanga foleni.” Mwezi ulipoandama, daftari lilikuwa na wizi mia moja na tatu.

Nguchiro akafurahi. Moyoni akasema, sasa watu wanatuamini. Akalipeleka daftari kwa Mfalme mwenyewe, akangoja maua mengine.

Mfalme Kiboko akasoma. Akapiga mapovu. Akatoka majini hadi shingoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu harusi yake.

“Mwaka jana wizi mara tatu,” akanguruma. “Umeingia wewe, mia moja na tatu! Nguchiro, umetuletea wezi mia moja kutoka wapi?”

“Mtukufu, wezi walikuwapo. Hawakuandikwa tu.”

“Kama hawakuandikwa, walikuwapo wapi?”

“Kwenye nyumba za watu, Mtukufu.”

“Mimi sikuwaona. Ninyi mliwaona?” Mfalme akawauliza askari wake tisa. Wa mwavuli akasema hakuwaona. Wa nzi akasema hakuwaona. Wa kivuli akasema hata yeye hakuwaona, na kivuli pia hakikuwaona.

Hapo akajitokeza Fisi, mshauri wa Mfalme, mwenye sauti ya asali na pumzi ya jaa. “Mtukufu, ya nini tabu? Nipe mimi lindo la nchi, mimi na wapwa zangu. Hatutaki sare, hatutaki chakula, tutajitegemea. Na daftari, nakuahidi, litakuwa jeupe kama mgongo wa korongo.”

Mbuzi waliokuwa ukingoni waliposikia neno “tutajitegemea” walianza kuhara papo hapo.

Mfalme akasema, “Nguchiro, nakupa hadi mvua ya kwanza. Siku hiyo nitahesabu tena. Ikiwa wizi umepita tatu, lindo ni la Fisi.”

Nguchiro akarudi kituoni akikuna kichwa, akikuna mkia, akikuna tena kichwa. Akili yake ilikuwa imefungwa fundo. Akiandika wizi, wizi unaongezeka. Asipoandika, wizi unakwisha, lakini watu hawana majembe. Wizi ulioandikwa haufutiki, na ameshafikisha mia moja na tatu! Hata akiwakamata wezi wote leo, mia moja na tatu itapunguaje ikawa tatu? Mnaelewa? Kama mmeelewa mkamwelezee, maana yeye hakuelewa.

Usiku haukumpa usingizi hadi asubuhi. Bi Sikuzani akapita kuuliza habari za jembe lake.

“Bibi,” Nguchiro akamwambia, “mbona umekuja mapema? Mimi leo sijielewi. Lindo linakwenda kwa Fisi.”

“Kwa nani?” Bi Sikuzani akaketi chini pale pale. “Basi afadhali niibwe mimi mwenyewe kabisa. Una askari wangapi?”

“Kobe na Ngiri.”

“Nimeuliza askari.”

“Ndio hao, bibi.”

“Na hao wawili wanalinda wapi?”

“Njia ya kwenda ikulu. Imefagiliwa vizuri, haina miiba.”

“Ikulu kunaibiwa?”

Nguchiro akatoka uani, akaokota kijiti, akachora nchi yote ya Mabondeni mavumbini: huu mto, hili soko, hiki kisima, hii ikulu. Kisha akasoma daftari, na kila wizi akauwekea kokoto pale ulipotokea. Ikulu, hakuna hata moja. Sokoni, kokoto nne. Mtoni, mbili. Lakini mahali pamoja kokoto zilipanda juu ya kokoto, zikawa kichuguu.

“Hapa ni wapi?” akauliza.

Bi Sikuzani akainama. “Ee! Hapa ni njia panda ya kisimani.”

Na hapo lazima niwaambie jambo la Mabondeni. Kisima chao kilikuwa na mwiko: chuma hakikikaribii. Walisema maji yakisikia harufu ya chuma yanarudi chini. Kwa hiyo kila mkulima, akienda shamba alfajiri, alipitia kisimani kunywa na kujaza kibuyu, na jembe aliliacha njia panda, limeegemea jiwe. Akirudi, halipo. Akafikiri ni yeye tu mwenye bahati mbaya, akanyamaza. Jirani yake naye akafikiri ni yeye tu. Wakulima sabini walikuwa wameibiwa mahali pamoja, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

“Sajini Kobe!” akaita Nguchiro. “Unaweza kukaa mahali pamoja bila kusogea?”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kobe akajibu haraka. “Afande, hiyo ndiyo kazi niliyoisomea.”

Kesho yake alfajiri, ukungu mzito, Kobe akakaa njia panda. Alikaa kama jiwe, akapumua kama jiwe, wakulima watatu wakaegemeza majembe yao juu yake. Ngiri akajificha kichakani na maagizo matatu: nyamaza, nyamaza, kisha kimbia.

Mara mtu akaja na gunia mgongoni. Sura haikuonekana kwa ukungu. Akaokota jembe la kwanza, akanusa mpini wake. Akaokota la pili, akalamba mpini wake. Akaokota la tatu, akalitafuna kidogo, akaguna kwa utamu. Akatua gunia juu ya jiwe ili alifunge vizuri. Jiwe likauma gunia.

Mwizi akavuta. Jiwe likavuta. Mwizi akavuta kwa mikono miwili na mguu. Jiwe likasema, kwa mdomo uliojaa gunia, “Upo chini ya uwinzi.” Mwizi aliposikia jiwe linaongea, akaacha gunia, akatoka mbio. Ngiri naye akafyatuka, mkia juu, vumbi nyuma.

Baada ya muda Ngiri akarudi anatabasamu. “Afande, nimekimbia vizuri sana leo.”

“Umemkamata?”

“Nani?”

“Uliyekuwa unamfukuza!”

“Kumbe nilikuwa namfukuza mtu?”

Lakini gunia walilipata, na ndani mlikuwa na majembe kumi na saba. Wenyewe wakaja, kila mmoja akalijua lake. La Bi Sikuzani lilikuwa na alama ya moto aliyoichoma marehemu mumewe kwenye mpini. Alilikumbatia kama mtoto aliyerudi safarini. Kuanzia siku ile Kobe alibaki njia panda, na pale njia panda hapakuibiwa tena hata mpini.

Lakini daftari? Daftari lilikuwa bado na mia moja na tatu. Na mawingu yalikuwa yanapanda.

Mvua ya kwanza ikaanguka, manyunyu tu. Watu wote wakaitwa ukingoni mwa mto. Walikuja na majembe mabegani, wakitoka hapo wapite shambani. Fisi alikuwa mbele kabisa, amechana nywele, wapwa zake wamesimama nyuma wakipima mbuzi kwa macho.

Mfalme Kiboko akahesabu. Akahesabu tena. “Mia moja na tatu,” akasema. “Hesabu haina huruma. Nguchiro, kabidhi lindo.”

Nguchiro akakuna kichwa, akakuna mkia, akakuna tena kichwa. Macho yalimjaa maji. Akawatazama watu wenye majembe, akawatazama mbuzi. Hata yeye hakujua kama ameshinda au ameshindwa. Kilichobaki ni kukabidhi kwa utaratibu, na utaratibu wa Mabondeni ulisema askari anayetoka aulize mara tatu.

“Nani ana lake halijaandikwa?” akauliza. Kimya.

“Nani ana lake halijaandikwa?” Kimya.

“Nani ana lake halijaandikwa?”

Fisi alikuwa amejizuia mara ya kwanza. Alijizuia mara ya pili. Lakini harufu ya ile mipini, mipini iliyolowa jasho la miaka, yenye chumvi tamu kuliko mfupa, ilimjia na upepo wa mvua, udenda ukamshuka. Na akaona wengine wote wamepewa haki zao kwa kusema tu.

“Mimi!” akapaza sauti. “Niandike mimi! Nilinyang’anywa gunia langu njia panda ya kisimani, na jiwe lenye meno! Gunia lilikuwa na majembe kumi na saba, na mipini yake nilikuwa sijaimaliza! Tena yale pale! Yule mama kashika jembe langu! Na yule! Na yule!”

Watu wote wakageuka kumtazama.

Mfalme akapiga kelele, “Loo! Hata Fisi kaibiwa, tena na wananchi kumi na saba! Mwaka gani huu? Nguchiro, andika!”

“Naandika, Mtukufu,” akasema Nguchiro. “Mlalamikaji: Fisi. Mali: majembe kumi na saba. Mzee Fisi, uliyapata wapi?”

“Pale pale njia panda. Watu wanayaacha hovyo.”

Mapovu ya Mfalme yakaacha kutoka. Maana ya maneno yale ilimpanda taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye ncha ya kanga. “Ngoja kwanza,” akasema. “Huyu aandikwe kaibiwa, au kaiba?”

“Kote kuwili, Mtukufu. Na mlalamikaji anatakiwa kituoni kukamilisha maelezo.”

Fisi hakukimbia. Akimbie vipi, naye ndiye mlalamikaji? Alitangulia mbele kwa maringo, akaenda kituoni kwa miguu yake, akaingia chumba cha ndani mwenyewe, na alipofungiwa alisema tu, “Msichelewe na majembe yangu.” Wapwa zake walipoangalia nyuma na mbele wakakumbuka kwamba wana shughuli nchi ya jirani.

Mfalme bado alikuwa kalishika daftari. “Lakini mia moja na tatu ni mia moja na tatu,” akanung’unika.

Hapo Nguchiro akapata wazo, la kwanza lililonyooka tangu aingie kazini. “Mtukufu, wewe mwaka huu umeibiwa mara ngapi?”

“Mimi? Hata mara moja!”

“Na mwaka jana?”

“Hata mara moja! Nani ataniibia mimi?”

“Basi hesabu haina huruma. Wizi ikulu umekwisha. Askari tisa wanalinda kitu gani?”

Mfalme akafungua mdomo wake wote, na mdomo wa Kiboko mnaujua, watu wakatazama mpaka kwenye koromeo. Jibu halikuwamo. Akasema abakizwe wa mwavuli. Wa mwavuli mwenyewe akasema, “Mtukufu, uko majini, mwavuli wa nini?” akautua ukingoni, akawafuata wenzake. Siku ile ile Nguchiro akawapanga: wawili sokoni, wawili mtoni, wengine kila palipokuwa na kokoto. Lindo likabaki mikononi mwake, Bi Sikuzani akawahi shamba lake, mtama ukaingia ardhini na unyevu wake.

Baada ya wiki mbili, asubuhi, kituoni pakasikika kishindo. Mfalme Kiboko huyo, analowesha sakafu, amekasirika.

“Andika! Mayungiyungi yangu matatu, maua yangu ya majini, yameliwa!”

“Pole, Mtukufu,” akasema Nguchiro. “Tutaandika. Shika nafasi, uko nyuma ya Bata.”

Mfalme akaangalia mstari. Akapanga. Akamuuliza Bata kwa sauti ya chini, “Na wizi wangu nao utahesabiwa kwenye ile mia moja na ngapi sijui?”

“Utahesabiwa.”

“Sasa hapo nchi itakuwa imeharibika, au imetengenezeka?”

“Mimi sijui, Mtukufu,” akasema Bata. “Mimi nimekuja kwa ajili ya mume wangu. Songa basi, foleni inakwenda.”

Mfalme akasonga.

Na hadithi yangu nayo imefika hapo, ikasimama nyuma ya Mfalme. Mwenye kuitaka zaidi naye akapange mstari.